Daftari la mpima ardhi halikusema nchi ni tupu

Oktoba iliyopita mkwe wangu alinichukua kwa gari kutembea kusini mwa jimbo la Nebraska, katikati ya Marekani. Jioni tukawa tunarudi, tunaelekea kaskazini kwenye barabara ya changarawe iliyonyooka kama kamba ya fundi mwashi. Mahindi makavu kulia, soya iliyokwisha kuvunwa kushoto, na kila tukienda maili 1 kamili tunakuta njia panda. Ghafla barabara ikakata kulia, ikaenda hatua kadhaa, ikakata tena kushoto, kisha ikanyooka kaskazini kama mwanzo. Hapakuwa na kilima, hapakuwa na mto, hapakuwa hata na mti wa kukwepa.

"Hapa, Baba, usiku watu huingia shambani na magari yao," mkwe wangu akasema. "Nimeshauliza kwa nini barabara imepindishwa. Sijapata anayejua."

Mimi nilijua. Nikamwomba asimamishe gari.

Nimefanya kazi ya upimaji ardhi miaka 34, tangu nilipotoka chuoni Morogoro hadi nilipostaafu, na kona ya namna ile niliwahi kuichora ubaoni nikiwa mwanafunzi, bila kudhani kwamba iko siku nitaikanyaga. Mistari ya kaskazini na kusini haiendi sambamba. Hukaribiana kadiri inavyopanda kuelekea ncha ya dunia. Ukipima mraba wa maili 6 kila upande mahali kama Nebraska, upande wake wa kaskazini utakuwa mfupi kuliko wa kusini kwa futi kama 40. Kwa mraba mmoja si neno. Miraba minne au mitano ikipandana, kosa limeshakuwa kubwa na shamba la mtu limeliwa. Kwa hiyo wapimaji wa karne ya 19 walikuwa kila baada ya maili kadhaa wanaweka mstari wa masahihisho, wanarudisha upana kamili, wanaanza upya. Mipaka ya mashamba inaruka pale, na barabara zilizofuata mipaka ya mashamba zinaruka nayo.

Nilisimama kwenye kona ile mpaka jua likaanza kutua. Karibu nchi nzima, kutoka Ohio hadi bahari ya Pasifiki, imetandikwa shuka moja ya miraba, na shuka hiyo haikuikubali dunia ya mviringo, ikabidi ikunjwe hapa na pale ienee.

Ninaandika makala hii kwa sababu ya neno moja tu, neno "tupu". Wiki ile ile mjukuu wangu wa miaka 9 alirudi kutoka shule na mchoro wake wa familia zilizohamia magharibi. Alikuwa amechora gari la kukokotwa na ng'ombe lenye turubai jeupe, jua, na majani marefu mpaka mwisho wa karatasi. Nikamuuliza wenyeji wako wapi. "Babu, pale hapakuwa na watu," akanijibu. "Walikuwa wanakwenda mahali patupu." Sikumlaumu. Nami nilipokuwa darasani niliambiwa hivyo hivyo, kwa Kiswahili safi: Wamarekani walihamia magharibi, wakafungua mapori, wakajenga taifa. Na sisi wa rika langu tulimalizia elimu hiyo kwenye picha za makaboi, farasi na vumbi na bastola, ambako mwenyeji wa nchi hutokea juu ya kilima kwa dakika mbili, akapigwa risasi, akadondoka.

Bunduki zilikuwapo, na zilifanya mauaji ambayo hayana jina dogo. Tarehe 29 Desemba 1890, penye kijito cha Wounded Knee, askari wa Marekani waliua Walakota, wenyeji wa nyika zile, wasiopungua 250, wengi wao wanawake na watoto. Lakini mimi niliyekula chakula changu kwa theodolaiti, darubini ya kupimia pembe, nasema kwamba sehemu kubwa ya nchi ile ilichukuliwa kwa mnyororo wa kupimia, kwa penseli na kwa meza ya ofisi. Na nasema jambo la pili, ambalo wenzangu wa kazi watalielewa haraka kuliko wengine: mtu aliyeshika mnyororo alijua kwamba nchi ina watu. Aliwaona. Aliandika. Utupu ulitengenezwa baadaye, na mtu aliyekaa kivulini.

Sheria ya miraba ilipitishwa mwaka 1785, taifa lenyewe likiwa changa na lina madeni ya vita. Halikuwa na fedha, lakini lilikuwa na ardhi, au lilidai kuwa nayo, na ardhi usiyoweza kuieleza kwenye karatasi huwezi kuiuza. Ndipo wakaamua: mraba mkubwa wa maili 6 kwa 6, ugawanywe vipande 36 vya maili 1 ya mraba, kila kipande ekari 640, kila kipande na namba yake. Kipande namba 16 kiliwekwa kando kwa ajili ya shule. Kifaa kilikuwa mnyororo alioubuni Mwingereza Edmund Gunter, futi 66, pingili 100. Minyororo 80 ni maili 1. Ukizidisha minyororo 10 kwa minyororo 1 unapata ekari. Ni hesabu nzuri sana, nakiri. Hata aliyeishia darasa la nne anaweza kuipiga kichwani.

Mpimaji alikuwa mkandarasi, analipwa kwa maili. Alitembea na watu wa kushika mnyororo mbele na nyuma, mtu wa shoka, mtu wa bendera. Kwenye msitu waliweka alama juu ya miti. Kwenye nyika za Nebraska na Kansas, ambako miti ni ya kutafuta, walirundika udongo, wakasimika nguzo, na mara nyingine chini yake wakafukia mkaa. Mkaa hauozi. Nguzo ikiungua kwa moto wa nyika, au nyati wakijikuna mpaka ikaanguka, atakayekuja miaka 50 baadaye atachimba na kuukuta mkaa ule palepale. Nilipoisoma habari hiyo niliwapenda watu wale, sitaficha. Ni akili ya fundi anayeifikiria kazi yake hata baada ya kufa.

Na kila mmoja alikuwa na daftari. Sheria ilimtaka aandike alichokuta mstari ulipopita: udongo wa aina gani, mti gani, kijito chenye upana gani, maji yanaelekea wapi. Katika madaftari hayo, pamoja na mialoni na vinamasi, mmeandikwa njia za wenyeji. Mstari unakata njia inayoelekea kusini-magharibi, baada ya minyororo kadhaa. Mahali pengine pameandikwa mashamba, mahali pengine kijiji. Hata ramani nyingi za kwanza zilizochorwa kutokana na madaftari hayo zina njia hizo, vistari vya nukta vinavyopita kishazari katikati ya miraba, kama mtu anayekatiza uwanja wa mpira kwenda nyumbani.

Lakini kilichouzwa hakikuwa daftari. Kilichouzwa ni namba. Mnunuzi alifika ofisi ya ardhi akataja kipande, karani akafungua kitabu, kama hapana jina mbele ya namba ile basi pale ni patupu. Njia ya kishazari haikuwa na safu yake kwenye kitabu cha karani.

Nilikwenda kuona namba moja kama hiyo karibu na mji wa Beatrice. Tarehe 20 Mei 1862 Rais Lincoln alitia saini sheria iliyompa mkuu wa kaya yeyote ekari 160 za ardhi ya umma, mradi ajenge nyumba, alime, na aishi hapo miaka 5. Ada zote kwa jumla zilikuwa dola 18. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Januari 1863, na mmoja wa watu wa kwanza kabisa kuandikisha siku hiyo, kwenye ofisi ya mji wa Brownville, ni Daniel Freeman. Eneo lake limo katika kipande namba 26, mraba wa 4 kaskazini ya mstari wa msingi, wa 5 mashariki ya meridiani, yaani mstari mkuu wa kaskazini na kusini. Mstari huo wa msingi ni latitudo ya nyuzi 40, ambayo leo ndiyo mpaka wa Nebraska na Kansas. Sasa shamba la Freeman ni hifadhi ya kihistoria ya taifa. Kuna jengo la makumbusho na nyika ya majani marefu iliyoachwa iote tena.

Nilitembea mle ndani ya majani. Yananifika kifuani. Nikajaribu kuwaza Freeman akitazama upande wa kusini mwaka ule wa 1863. Kusini mwake, kwa mwendo usiofika siku nzima kwa miguu, kwenye mto Big Blue, wenyeji Waotoe na Wamissouria walikuwa wanaishi katika eneo walilobakiziwa kwa mkataba wa mwaka 1854. Hawakuwa hadithi ya zamani. Walikuwa majirani, watu wa kukutana nao mtoni. Walikaa pale hadi mwaka 1881, walipohamishiwa huko ambako leo ni Oklahoma.

Hapa sina budi kusema neno juu ya wahamiaji wenyewe, maana sitaki msomaji atoke na chuki rahisi. Wengi walikuwa maskini wa kutupwa. Wajerumani, Wacheki, Waswidi, watu waliokimbia ukabaila na njaa, wakajenga nyumba kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa na majani yake kwa sababu hapakuwa na mbao. Weusi waliotoka utumwani nao walifuata ardhi hiyo. Mji wa Nicodemus huko Kansas ulianzishwa nao mwaka 1877. Jumla ya watu milioni 1.6 walipata hati kwa sheria ile, ekari zipatazo milioni 270, asilimia 10 ya Marekani nzima. Siwezi kumkasirikia mama wa Kicheki aliyezalia ndani ya nyumba ya udongo. Aliambiwa na serikali kwamba kipande chake ni kitupu, akaonyeshwa na ramani.

Serikali yenyewe haikuwa maskini, wala makampuni ya reli. Mwaka huo huo wa 1862 Bunge liliyapa vipande vya ardhi kwa kupishana kando ya njia yao, kimoja cha reli, kimoja cha serikali, kama ubao wa drafti. Mwaka 1864 yakaongezewa hadi vipande 20 kwa kila maili ya reli. Kampuni ilipewa maili za mraba ambazo hakuna ofisa wake aliyezikanyaga.

Mengine yanajulikana na nitayapita mbio. Mwaka 1803 Marekani iliilipa Ufaransa dola milioni 15 kwa eneo la Louisiana, zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, ambalo sehemu yake kubwa Ufaransa haikuwahi kulitawala hata siku moja. Mwaka 1830 Bunge lilipitisha sheria ya kuwahamisha wenyeji wa mashariki. Wacherokee wakasukumwa mwaka 1838, na makadirio ya kawaida ni kwamba 4,000 walikufa. Vita na Meksiko viliisha mwaka 1848, mwaka ule ule dhahabu ilipoonekana California.

Lakini kuna kisa kimoja nitakaa nacho, kwa sababu ni kisa cha kosa la karatasi, na makosa ya karatasi ndiyo yaliyoninyima usingizi maisha yangu yote.

Waponca walikuwa taifa dogo lililoishi pale mto Niobrara unapoingia mto Missouri. Walilima mahindi, hawakuwahi kupigana na Marekani, na walikuwa na mkataba uliowahakikishia ardhi yao. Mwaka 1868 wajumbe wa serikali walikaa Fort Laramie kufanya mkataba mwingine na Walakota. Walipoeleza mipaka ya eneo la Walakota wakaifunika na ardhi ya Waponca. Kosa tupu. Kipande kile kile kikawa na wenyewe wawili kwenye karatasi mbili zenye saini za serikali moja. Kila mpimaji anajua dawa ya kosa la namna hiyo: unarudi uwandani, unaangalia nani yuko pale, unasahihisha ramani. Serikali ilifanya kinyume. Mwaka 1877 ikaacha karatasi kama ilivyo na kuwaondoa watu. Waliswagwa kwa miguu, mvua na matope, hadi nchi ya joto na malaria huko kusini. Kati ya Waponca 581 waliopelekwa, jaji aliandika baadaye, 158 walikufa katika muda wa mwaka mmoja hivi.

Mmoja wa machifu wao aliitwa Standing Bear, yaani Dubu Aliyesimama. Mwanawe Bear Shield, alipokuwa anakata roho huko ugenini, alimwomba baba yake amzike Niobrara kwa wazee wake. Januari 1879, katikati ya theluji, mzee yule akaufunga mwili wa mwanawe, akaondoka na watu wapatao 30 kuelekea kaskazini. Walipofika kwa Waomaha, ndugu zao, askari wa Jenerali George Crook wakawakamata kwa kosa la kutoka eneo walilopangiwa. Mwandishi wa habari Thomas Tibbles akaipeleka habari kwenye magazeti, na mawakili wawili wa mji wa Omaha, John Webster na Andrew Poppleton, wakajitolea kuiomba mahakama imtake jenerali aeleze kwa haki gani anawashikilia watu wale.

Hoja ya serikali ilikuwa kwamba ombi lile ni la watu, na Standing Bear machoni pa sheria si mtu. Tafadhali msomaji, irudie sentensi hiyo. Ni mwaka 1879, miaka 14 baada ya utumwa kufutwa Marekani. Mzee akapewa nafasi ya kusema mahakamani mwezi Mei. Alinyoosha mkono wake akaeleza kwamba rangi yake si ya jaji, lakini ukichomwa utauma, na damu itakayotoka ni ya rangi moja na ya jaji. Tarehe 12 Mei Jaji Elmer Dundy akatoa hukumu: mwenyeji ni mtu mbele ya sheria za Marekani, na aachiwe. Standing Bear akaenda akamzika mwanawe kwenye majabali juu ya Niobrara. Sanamu yake sasa imesimama katika jengo la Bunge mjini Washington, iliwekwa mwaka 2019.

Hukumu ile haikuizuia miraba. Mwaka 1887 Bunge likaipeleka ndani ya maeneo yenyewe waliyotengewa wenyeji: kila mkuu wa kaya ekari 160, na ardhi iliyobaki baada ya mgao ikaitwa ya ziada, ikafunguliwa kwa wengine. Ziada! Mtu anakaa na nduguze kwenye nchi yao, unamkatia shamba moja, halafu malisho, mto, msitu wa dawa na makaburi unayaita ziada. Mwaka 1887 wenyeji walikuwa na ekari milioni 138. Ilipofika 1934 walibaki na milioni 48. Hakuna vita vya makaboi vilivyochukua kiasi hicho kwa miaka 47.

Nimesema sitaki chuki rahisi, basi niseme na langu. Miaka mingi iliyopita, katika mkoa ambao sitautaja, tulitumwa kupima eneo la mradi. Ramani tuliyokabidhiwa ofisini iliandika pori. Tulipofika tukakuta miembe iliyopandwa kwa safu, na makaburi 11 chini ya mbuyu. Mzee mmoja, amevaa msuli na shati lililofuliwa likapauka, akaja akasimama kando ya theodolaiti yangu. "Hiyo karatasi yako, mwanangu, inasema hapa pana nini?" Nilinyamaza. Mthamini alipokuja na fomu za fidia, mzee alisaini ya miembe, akakataa ya makaburi. Alisema mwembe una bei. Mimi niliyaandika makaburi yale kwenye daftari langu, yote 11, na umbali wake kutoka bikoni, yaani alama ya mpaka, ya karibu. Ramani ya mwisho ilipotoka hayakuwamo. Sikuuliza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni na bosi asiyependa maswali, na jambo hilo limekaa nami hadi leo.

Ndiyo maana ninawaelewa Walakota kuliko wanavyowaelewa baadhi ya majirani wa binti yangu. Mkataba ule wa Fort Laramie wa 1868 uliwapa milima ya Black Hills, ukasema haiwezi kuchukuliwa tena bila saini za robo tatu ya wanaume wazima. Dhahabu ikaonekana mwaka 1874. Mwaka 1877 Bunge likaichukua milima, saini zikiwa mbali kabisa na robo tatu. Kesi ilikwenda miaka na miaka, na tarehe 30 Juni 1980 Mahakama ya Juu ikakubali kwamba walidhulumiwa, ikaridhia fidia ya dola zaidi ya milioni 100, riba ikiwamo. Walakota walikataa kuzichukua. Fedha zimekaa hazina ya serikali, zinaongezeka, zimezidi bilioni 1, na wenye hati hiyo ya madai ni miongoni mwa watu maskini kabisa wa Marekani. Nimesikia watu wanashangaa: si wangechukua tu? Mimi namkumbuka mzee wa msuli na fomu ya pili.

Kwa hiyo nina ombi kwa wanaoandika vitabu vya shule vya Kiswahili, kwa watafsiri, na kwa wanaosimulia filamu kwenye luninga zetu. Acheni "Wahindi Wekundu". Ni kosa la mabaharia waliodhani wamefika Bara Hindi, na Kiswahili hakina sababu ya kulibeba hadi leo, tena kikaliongezea rangi. Waponca, Walakota, Waotoe, Wacherokee: majina yapo, yanatamkika vizuri kabisa kwa viambishi vyetu. Na msiandike kwamba Wamarekani walihamia magharibi kama watu wanavyohamia nyumba iliyokwisha kuachwa. Andikeni nani alikuwa anaishi pale, mwaka gani alitolewa, na kwa karatasi gani. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuelewa. Mjukuu wangu alielewa kwa jioni moja, akaomba penseli.

Kabla sijarudi nyumbani nilimwomba mkwe wangu anipeleke mji mdogo wa Neligh, kaskazini. Waponca walipita pale mwaka 1877 wakiswagwa. Tarehe 23 Mei mtoto wa mwaka mmoja na nusu, White Buffalo Girl, alikufa kwa homa ya mapafu. Msafara haukusubiri. Baba yake, Black Elk, aliwaomba watu wa mji, wageni waliochukua nchi, walitunze kaburi la mtoto wake kama wanavyotunza makaburi yao. Kisha akaondoka na askari.

Wamelitunza. Tulilikuta kwenye makaburi ya Laurel Hill, jiwe jeupe la marumaru la mwaka 1913, majani yamekatwa karibuni. Juu yake palikuwa na maua ya plastiki, mdoli mwenye nywele za uzi, na kigari chekundu cha kuchezea, kidogo kama kidole gumba, ambacho mvua ilikuwa imekijaza maji. Mkwe wangu alivua kofia. Mimi nilichuchumaa nikamwaga maji yale, nikakirudisha kigari mahali pake.

Halafu nikatoa daftari, kwa mazoea. Nikaandika latitudo, nyuzi 42 na kidogo kaskazini, na longitudo, nyuzi 98 na kidogo magharibi. Kwenye safu ya mwisho, ile tunayoandika kilichokutwa mahali hapo, nikaandika: Kaburi la mtoto. Linatunzwa. Ndugu zake wako Nebraska na Oklahoma.